Altezza yangu na barabara za kusini: inchi 18 zimenishinda, nirudi 17 au nishuke 16?

KijanaWaLigula (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Ligula. Miezi mitatu iliyopita nilinunua Toyota Altezza RS200 kwa jamaa mmoja wa Dar, gia za mkono, injini 3S-GE ile ya Beams. Imekuja na rimu za inchi 18, tairi 225/40R18. Ukiiona imepaki unasahau njaa.

Nikaishusha mwenyewe huku kusini. Nimepita Somanga giza limeingia, nikaliona shimo nikiwa nimeshafika ndani yake. Rimu ya mbele kushoto ikapasuka, tairi ikatoka nundu kama embe. Fundi wa njiani akanisaidia, nikafika nyumbani.

Sasa tairi zilizobaki zinaelekea kuwa vipara, na wakikaa watu wawili siti ya nyuma nasikia zinakwaruza fenda kila kwenye tuta. Fundi tairi wangu hapa mjini anasema nivue hayo mapambo, nivae rimu za 16 na tairi 215/60R16, zimejaa kila duka na gari itainuka. Duka la pili wananiambia 225/50R17. La tatu jamaa kanijibu, "Yoyote inayoingia, kaka."

Nataka kununua zote nne mara moja, na pesa ninayo ya mara moja tu. Nichukue saizi gani? Nawasilisha.

---

Chikongola Kuchele

Dawa moja tu mkuu: uza, nunua Noah. Altezza kwenye barabara hii ni sawa na kwenda kuokota korosho na viatu vya harusi.

---

BeamsKariakoo

Msimsikilize huyo. 225/40R18 inafaa kabisa kwenye Altezza, wengi tunavaa. Tafuta rimu moja ya kufanana, vaa tairi mpya nne, maisha yaendelee. Altezza ikivaa 16 inakuwa kama teksi ya stendi.

---

Mzee wa Mikindani

Kijana, hujambo. Mimi nimeanza kufungua tairi enzi ambazo kila tairi lina tyubu na pancha inazibwa kwa moto, kwa hiyo univumilie, maelezo yangu ni marefu.

Kabla hujasikiliza duka lolote, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, karibu na bawaba au pale mlango unapofungia. Kuna kibandiko cha kiwandani, kimeandikwa saizi ya tairi na upepo wake. Ile ndiyo kauli ya waliolitengeneza gari. Sisi wengine wote tunakisia.

Nina hakika utakuta 215/45R17, au 205/55R16 kama kibandiko kinataja saizi mbili. Sasa nikufundishe kuzisoma, usije ukadanganywa tena na mtu anayekwambia "yoyote inayoingia".

Chukua 215/45R17. Ile 215 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 45 si milimita, ni asilimia. Maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya ule upana, ukipiga hesabu unapata milimita 96.75. Na 17 ni inchi za rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu peke yake ni 431.8. Jumlisha ubavu wa juu na ubavu wa chini, unapata 625.3. Hicho ndicho kimo cha tairi zima kutoka lami hadi juu. Namba hiyo iandike mahali, maana kila kitu kwenye gari lako kimepimwa juu yake: spidi inayosomeka kwenye dashibodi, ABS (ile inayozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), uwiano wa gia, nafasi ndani ya fenda.

Tuje kwenye 205/55R16. Rimu ni 406.4, ubavu ni 112.75 mara mbili, jumla 631.9. Umezidi kwa asilimia moja hivi. Gari halitajua kama umebadilisha.

Hiyo 225/40R18 uliyokuja nayo inafika 637.2. Imezidi kwa karibu asilimia mbili. Kwa kimo si mbaya, hapo kijana wa Kariakoo yuko sawa. Lakini tazama ubavu wake, ni milimita 90 tu. Kile kilichopo kati ya shimo la Somanga na rimu yako ya urembo ni sentimita tisa za mpira na upepo. Ukivaa ile ya 16 unapata sentimita 11 na kitu. Hizo mbili na kidogo zinazoongezeka ndizo zinazoamua kama utafika Mtwara na rimu nzima.

Sasa huyu fundi wako na 215/60R16. Hana nia mbaya. Hiyo ni saizi ya Mark X, na Mark X hapa mjini ni kama bajaji, ndiyo maana zimejaa madukani. Lakini piga hesabu: 406.4 jumlisha 129 mara mbili, unapata 664.4. Umezidi kiwanda kwa milimita 39, asilimia sita na zaidi. Itainuka kweli, sentimita mbili, halafu itagusa ndani ya fenda ukikata kona, na injini yako ya kupiga mizunguko ya juu itakuwa kama mtu anayekimbia amevaa gambuti.

Ile 225/50R17 ya duka la pili ni 656.8, asilimia tano. Mimi kanuni yangu ni asilimia tatu mwisho, na nikiweza nabaki ndani ya mbili.

---

KijanaWaLigula

Shikamoo mzee. Nimetoka hapo nje na tochi ya simu. Kibandiko kipo, kimechakaa, ila 215/45R17 inasomeka vizuri.

Swali la kijinga: kwa nini basi rimu za 18 zinakwaruza nyuma kama kimo kimezidi asilimia mbili tu?

---

BeamsKariakoo

Hilo ni la kwangu. Si swali la kijinga, wengi wanakwama hapo hapo. Wanahesabu kimo cha tairi na kusahau rimu.

Chungulia nyuma ya rimu, kwenye zile spoku kwa ndani. Utakuta pamechongwa kitu kama 18x8J na namba yenye ET au alama ya kujumlisha. 8J ni upana wa rimu kwa inchi. Hiyo nyingine ni ofseti, yaani uso unaogusa hab (kitovu ambacho rimu inafungwa) umesogea milimita ngapi kutoka katikati ya rimu. Ofseti ikipungua, tairi linatoka nje. Ikiongezeka, tairi linaingia ndani kuelekea shokapu.

Rimu ya kiwandani ya RS200 ya inchi 17 ni 7J, ofseti 50. Soma ya kwako uniambie.

---

KijanaWaLigula

18x8J +35.

---

BeamsKariakoo

Basi kesi imekwisha. Rimu imeongezeka upana inchi moja, nusu yake inaenda nje: milimita 12.7. Ofseti imepungua 15. Jumla ukingo wa nje umesogea milimita 27.7 kuelekea fenda. Karibu sentimita tatu! Ndani umepata nafasi ya milimita mbili tu ambazo huna kazi nazo. Ukipakia watu nyuma, springi zikibonyea, lazima ikwaruze. Hapa Dar tunakunja mdomo wa fenda kwa ndani, tunainamisha tairi kidogo, mchezo umekwisha. Lakini sisi hatuendi Masasi kila Jumamosi.

Kwa hiyo narudi nyuma kidogo kwenye kauli yangu. 18 ibaki kwa mtu wa lami laini. Wewe rudi 17 ya kiwandani, 215/45R17, ofseti 50 au 45. Inchi 16 bado naikataa.

---

DadaWaNdoro

Habari zenu kaka zangu, na wewe mzee shikamoo. Mimi niko Lindi, naendesha Impreza WRX, ya kwangu inavaa 215/45R17 kama hiyo yenu. Nimeona mnajadili saizi ya kununua, ila mimi kuna kitu kinanisumbua kwenye uzi huu tangu mwanzo.

Kaka kasema rimu moja ilipasuka njiani na fundi "akamsaidia". Alimsaidia kwa kumvalisha nini?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Mwaka juzi tairi moja lilikatwa na chuma, nikaenda duka moja, sitalitaja, nikauziwa moja jipya. Saizi ile ile, maandishi yale yale. Nikafurahi. Matatu ya zamani yalikuwa yamelika zaidi ya nusu, lile jipya lina mistari mirefu. Subaru inavuta magurudumu yote manne, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi lililolika ni dogo, jipya ni kubwa, kwa hiyo ile difu ya katikati haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa matairi yote usitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita sita na kidogo. Mimi sikujua. Baada ya muda gari ikaanza kukaza nikikata kona kwenye maegesho, kama mtu ameshika breki ya mkono. Gharama yake sitaki hata kuikumbuka, ningenunua matairi mapya manne na chenji ikabaki.

Kaka yangu, zunguka gari, usome tairi moja baada ya jingine. Yote manne. Usituambie unavyodhani, tuambie yalivyoandikwa.

---

KijanaWaLigula

Dada, nimezunguka. Nimerudi ndani kunywa maji kwanza.

Mbele kushoto 225/40R18. Mbele kulia 225/40R18. Nyuma kulia 225/40R18.

Nyuma kushoto 225/50R17, kwenye rimu nyingine kabisa.

Nimekumbuka sasa. Yule fundi alihamisha ya nyuma ikaja mbele "ili usukani utulie", ile ya nyuma akaweka aliyokuwa nayo. Akaniambia ni ya muda. Mimi nikalala, nikasahau. Nimeendesha hivyo kama wiki tano. Na kuna jambo sikulisema kwa sababu niliona ni kesi nyingine: nikikanyaga mafuta gari inavuta kulia, na difu imeanza kunguruma nikifika 80.

---

Chikongola Kuchele

Ya muda! Kusini kila kitu ni cha muda. 😂

---

Mzee wa Mikindani

Si kesi nyingine kijana, ni hiyo hiyo. Gari lisimame. Usiliendeshe tena hata kwenda sokoni.

Ekseli ya nyuma ndiyo inayovuta kwenye Altezza. Kulia una tairi la milimita 637, kushoto 657. Tofauti milimita 20. Tairi la kulia linazunguka kama mara 500 kila kilomita, la kushoto kama mara 485. Mizunguko 15 kila kilomita moja, ambayo difu inapaswa kuimeza. Kutoka Lindi hadi hapa ni kilomita mia na kidogo, kwa hiyo safari moja tu ni mizunguko elfu moja na mia tano. Difu imetengenezwa kumeza tofauti hiyo kwenye kona, sekunde chache, kisha ipumzike. Ya kwako haijapumzika wiki tano. Na kama RS200 yako ni ile yenye difu ya Torsen, ni mbaya zaidi, maana ile kazi yake ni kukataa magurudumu yasizunguke tofauti. Inapokataa inasukuma nguvu kwa lile linalozunguka polepole, ambalo kwako ni la kushoto, lile kubwa. Kushoto kukisukuma zaidi, pua ya gari inaenda kulia. Ndiyo huko kuvuta kwako.

Mwaga oili ya difu, uichunguze kwa mwanga wa jua. Ikiwa na rangi ya masizi tu, Mungu mkubwa. Ikiwa inametameta kama ina vumbi la fedha, basi difu imekula.

Nashukuru binti wa Ndoro. Mimi mzee mzima nimepiga hesabu ukurasa mzima, sikuuliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza.

---

DadaWaNdoro

Asante kwa heshima mzee, wala usijali. Mimi nililipia ada ya kulijua hilo swali.

---

Chikongola Kuchele

Sasa nauliza kwa uzito, utani pembeni. Nikivaa tairi kubwa kuliko ya kiwandani, tochi ya trafiki inaniona vipi? Maana pale wanapojificha karibu na Mnazi Mmoja mimi ni mteja wao.

---

Mzee wa Mikindani

Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na dashibodi haijui. Ukivaa ile 215/60R16, dashibodi ikikwambia 50, wewe uko 53. Ikisema 80, uko 85. Dashibodi nyingi zimewekwa zisome juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo tofauti ndogo inamezwa humo. Hii ya asilimia sita haimezwi yote. Utaapa kwa trafiki kwamba ulikuwa hamsini, na utakuwa unaapa uongo bila kujua. Na kilomita za gari zitasomeka pungufu, utachelewa kubadilisha oili.

---

MakuaWaMasasi

Nimesoma yote. Nawaongezea jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni yale maandishi madogo yanayofuata saizi. Watu wanaishia kwenye 17 au 16 halafu wanalipa.

Baada ya saizi kuna kitu kama 87W au 91V. Namba ni uzito: 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Herufi ni spidi ya juu ambayo tairi limepimwa: T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Hatuendi 240 hapa, hata ukitaka mbuzi wa Nangurukuru hawatakuruhusu. Lakini tairi la herufi ya juu limejengwa kuhimili joto, na joto ndilo linaloua tairi huku kwetu. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kibandiko chako.

Kisha tafuta neno DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne kwenye kiduara kirefu. 2714 maana yake wiki ya 27 ya mwaka 2014. Niliuziwa tairi la mtumba Masasi linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, mistari yote ipo. Nikasoma tarakimu, lilikuwa limezaliwa kabla mwanangu hajaanza shule, na sasa anamaliza darasa la saba. Raba ikizeeka inakauka. Utaona nyufa ndogo ndogo ubavuni kama udongo wa kiangazi. Mistari haikuambii umri.

Kubwa kuliko yote: ukikuta limeandikwa STUDLESS, liache pale pale. Hayo ni matairi ya barafu ya Japani, yanakuja na magari ya mtumba. Mengi yana herufi Q, yaani 160. Raba yake ni laini makusudi ili ishike barafu. Kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana linayeyuka kama sabuni na gari linaogelea kwenye kona. Mtu anaona mistari mirefu, anasema "jipya hili". Jipya la Hokkaido.

---

BeamsKariakoo

Huyu mtu wa Masasi kaongea. Nami niongeze la mishale: tairi nyingi za spoti zina upande. Ukiona OUTSIDE, huo unatazama nje. Ukiona ROTATION na mshale, mshale uelekee gari linakokwenda. Nimeona zimevaliwa kinyume hadi nimechoka kusema.

---

MfanyabiasharaNewala

Na sisi wenye Fairlady? Ninayo Z33, mbele inavaa 225/45R18, nyuma 245/45R18. Naweza kuvaa zote sawa ili spea iwe moja?

---

Mzee wa Mikindani

Ya kwako ilizaliwa na miguu miwili mikubwa nyuma, nguvu iko huko. Kimo chake kinatofautiana mbele na nyuma kwa milimita 18 na kiwanda kililijua hilo, ABS imepangwa hivyo. Ukisawazisha unabadilisha tabia ya mkia wa gari. Mimi ningekuacha kama ulivyo. Fungua uzi wako, hapa tutamchanganya kijana.

---

KijanaWaLigula

Wakuu, nimebaki na mambo mawili. La kwanza, mwanzoni nilitaka 225 kwa sababu nilidhani pana zaidi ni nzuri zaidi. La pili, mzee kasema 16, Beams kasema 17. Niamueni.

---

BeamsKariakoo

225/45R17 inaingia kwenye 7J, hiyo 7J ni mwanzo wa upana wake, imetengenezewa 7.5. Kimo 634, umezidi asilimia moja na nusu. Si dhambi. Inashika zaidi kwenye lami kavu.

---

Mzee wa Mikindani

Na masika je? Tairi pana lina uso mkubwa wa kupanda juu ya maji. Lile jembamba kidogo linakata maji kufika kwenye lami. Mvua za Mei 2024 zilipokata barabara pale Somanga, nyote mnakumbuka maji yanavyoweza kukaa juu ya barabara yetu. Na madimbwi huku yana mashimo ndani yake, malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini yameyachimba kwa bidii.

Kwa upande wangu jibu halijabadilika. Gari la kupiga picha Shangani, vaa 17. Gari la kwenda Masasi na kurudi, vaa 205/55R16. Ni saizi ya kiwandani kwa mwili huo huo, Ulaya wakiliuza kwa jina la Lexus IS200 lilivaa na hiyo. Ni saizi ya kawaida duniani kote, utaipata hata ukikwama. Na ni ya bei nafuu, maana hailipii jina la spoti.

Lakini kijana, usinunue rimu ya 16 bila kuijaribu. Breki za mbele za RS200 ni kubwa. Vaa rimu tupu bila tairi, kaza nati mbili, zungusha kwa mkono, upitishe kidole kati ya rimu na kaliperi. Kidole kisipopita, rudisha rimu dukani. Angalia matundu ni matano na umbali wake ni 114.3, na tundu la katikati ni 60.1 kama Toyota nyingine. Likiwa kubwa zaidi, tafuta pete ya kuziba, usukani usije ukatetemeka ukafikiri ni balansi. Na usivae nati za rimu nyingine. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinataka nati yenye washa bapa, rimu za dukani zinataka yenye kichwa cha koni. Ukichanganya, nati inajilegeza yenyewe njiani.

---

DadaWaNdoro

Mimi niko na mzee. Na ukishavaa, alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Shimo lililopasua rimu halikuishia kwenye rimu, tairodi na bushi zimesikia pia.

---

KijanaWaLigula

Marejesho, wakuu. Zimepita siku kumi na mbili.

Gari ilisimama kama mzee alivyoamuru, nikawa napanda bodaboda kwenda kazini. Nikapata rimu za 16 za alimini, 7J, ofseti 45, zilitoka kwenye Toyota iliyogongwa. Duka la kwanza walikataa nisijaribu kabla ya kulipa, nikaondoka. La pili walinicheka, ila waliniruhusu. Rimu tupu, nati mbili, kidole. Kidole kimepita, kwa shida, lakini kimepita. Yule fundi wangu wa 215/60 alikuwepo, akanyamaza, halafu akaniomba nimuandikie ile hesabu kwenye boksi la tairi. Nimemuandikia, ameitundika ukutani.

Tairi nne mpya, 205/55R16 91V, zote za kampuni moja, DOT zote za mwaka mmoja. Upepo tumejaza asubuhi gari ikiwa baridi. Nati nimekaza kwa spana ya kupima, Nm 103, nikazirudia baada ya kutoka Mikindani na kurudi mara chache. Alaimenti mkono wa kushoto ilikuwa imehama, tairodi moja imebadilishwa. Dada, ulikuwa sahihi.

Kuvuta kulia kumekwisha. Kukwaruza hakuna, nimepakia watu wanne hadi Msijute na kurudi. Usukani umekuwa mzito wa kujibu kidogo, si ule wembe wa 18, sitawadanganya. Kona ya kuingia Mikindani naiona tofauti, ubavu unalala kidogo kabla haujashika. Lakini juzi nimeingia shimo ambalo lingeniua ile siku ya Somanga, nikasikia "dup" tu.

Oili ya difu tulimwaga juani. Nyeusi, na inametameta kidogo. Si sana, lakini ipo. Tumeweka mpya. Mngurumo umepungua, haujaisha. Nikifika 80 bado nausikia kwa mbali nikizima redio.

---

Mzee wa Mikindani

Mwaga tena baada ya kilomita elfu moja, uitazame. Ikitoka safi, utaishi nayo hivyo hivyo miaka. Ikimetameta tena, anza kutafuta difu.

Na urembo?

---

KijanaWaLigula

Inaonekana kama teksi ya stendi, mzee.

---

BeamsKariakoo

Nilisema mimi!

---

Chikongola Kuchele

Mkuu, zile 18 tatu zilizobaki unauza? Nina Noah.

---

DadaWaNdoro

Soma kibandiko cha mlangoni kwanza.